Jibu la Kitty Wells: Malumbano katika Santuri ya 1952

Mhakiki aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili hawezi kuisikiliza santuri ya Kitty Wells, "It Wasn't God Who Made Honky Tonk Angels", asikumbuke desturi yetu ya kujibizana. Muyaka wa Mombasa alipolumbana na washairi wa Lamu, mjibuji alitarajiwa kufuata bahari ya aliyeanza. Ubingwa wake ulikuwa kuyapindua maneno ya mpinzani ndani ya umbo lile lile. Wimbo huu wa kantri umejengwa vivyo hivyo, na kuuhakiki kana kwamba umesimama peke yake ni kuupunja.

Mnamo 1952 Hank Thompson alitamba na "The Wild Side of Life", uliokaa kileleni mwa orodha ya kantri ya jarida la Billboard kwa majuma 15. Nafsineni wake ni mwanamume aliyeachwa, anayemlaumu mwanamke kwa kuyapenda maisha ya vilabu vya pombe, na lawama hiyo anaifikisha hadi kwa Muumba. J. D. Miller, mtunzi wa Crowley, Louisiana, akaandika jibu: Mungu hahusiki, wa kulaumiwa ni wanaume waliooa wanaoishi kama makapera. Mahadhi hayakubadilika, wala hayakuwa ya Thompson. Carter Family waliyaimbia mapenzi mwaka 1929, na Roy Acuff akayatumia katika wimbo wa dini, "The Great Speckled Bird", mwaka 1936. Kwa hiyo utetezi wa mwanamke wa kilabuni ulimfikia msikilizaji kwa mahadhi aliyokwisha kuyazoea katika ibada. Sidhani kwamba Miller alihitaji silaha nyingine.

Wells alirekodi tarehe 3 Mei 1952 katika studio ya Castle, Nashville, kwa ajili ya kampuni ya Decca. Alikuwa na umri wa miaka 32, mama wa watoto watatu, na nyimbo alizorekodi awali kwa RCA Victor hazikuwa zimevuma. Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, alichotazamia ni ujira wa kawaida wa kurekodi, dola 125. Hapa ninatofautiana na wanaoufanya wimbo huu kuwa ilani ya ukombozi: maneno ni ya mwanamume, na mwimbaji hakuingia studio akibeba bendera. Hata hivyo, ni sauti yake, kavu na isiyobembeleza, sauti ya mke wa nyumbani na si ya kilabuni, iliyoyapa maneno ya Miller ushahidi ambao Miller mwenyewe hangeweza kuutoa.

Redio ya NBC iliupiga marufuku, na Grand Ole Opry ikasita mwanzoni kuuruhusu jukwaani. Wimbo wa Thompson, uliotaja vilabu vile vile, haukuwa umepata zuio hilo. Ni dhahiri basi kwamba kilichochukiza si mandhari bali aliyeelekezewa kidole. Wanunuzi hawakujali: santuri ilishika nafasi ya kwanza kwa majuma sita, na Wells akawa mwanamke wa kwanza kuifikia peke yake katika orodha hiyo.

Mwaka 1981 Waylon Jennings na mkewe, Jessi Colter, waliziunganisha nyimbo hizo mbili katika santuri moja, shutuma na jibu lake, bila kubadili mahadhi.