Wingi wa Watu na Udongo wa Ukamba

Watu wanapozungumza juu ya wingi wa binadamu, wengi wao hufikiri hesabu tupu: vinywa vyazidi, ardhi haikui, basi njaa haina budi kuja. Fikira hiyo ilipewa nguvu na Thomas Malthus, kasisi wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1798. Alidai ya kuwa watu wasipozuiwa huongezeka kwa kuzidishwa, ilhali chakula huongezeka kwa kujumlishwa. Na upungufu unaotokea hulipwa kwa njaa, maradhi na vita. Hoja hiyo ni nyepesi kushikwa, na pengine ndiyo sababu imeshikwa na wengi. Katika insha hii nataka kuipima kwa historia ya nchi moja, yaani vilima vya Machakos katika Ukamba wa Kenya, ambavyo katika miaka ya 1930 watawala walivitaja kuwa mfano wa nchi iliyoelemewa na watu na mifugo.

Yafaa tuanze nyuma kidogo, kwa maana msongamano wa watu una historia yake. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki. Kisha, kati ya mwaka 1898 na 1901, mvua zilikosekana, njaa kuu ikaingia Ukamba, na ndui ikafuatana nayo. Watu wengi mno walikufa, na wengine walihamia kwa majirani. Miaka hiyo hiyo ndiyo reli kutoka Mombasa ilipokuwa ikipita katika nchi, nao Wazungu walioifuata waliona mabonde matupu na malisho yasiyo na mwenyewe. Hawakujua, au hawakujali, ya kuwa utupu ule ulikuwa jeraha la juzi. Vilima vya Mua vikagawiwa walowezi. Uwanda wa Yatta ukaitwa ardhi ya Mfalme. Nao Wakamba wakawekewa mipaka kwa kipimo cha siku zao za msiba. Aliyepimwa nguo akiwa mgonjwa hakosi kubanwa apatapo afya.

Afya ilirudi. Reli na barabara zilileta nafaka wakati wa ukame, vita vya kunyang'anyana mifugo vilikoma, na chanjo ilipunguza makali ya ndui. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watu wa Machakos walikuwa kama 240,000. Zamani, mkulima ambaye shamba lake limechoka aliliacha lipumzike akafyeka kwingine, na mfugaji alihamisha ng'ombe wake kufuata majani. Sasa kwingine hakukuwako. Shamba lilirudiwa mwaka hata mwaka, na mifugo ilikanyaga mahali pamoja. Nzige na ukame wa mwaka 1929, na tena ukame wa katikati ya miaka ya 1930, viliondoa majani yaliyosalia. Mvua iliponyesha ilichukua udongo, ikachimba makorongo mekundu katika miteremko. Mabwana shamba waliotazama makorongo yale walisema kweli waliposema kuwa nchi inakufa. Kosa lao lilikuwa katika kutaja sababu: waliwahesabu watu na ng'ombe, lakini hawakuihesabu mipaka.

Dawa ilifuata utambuzi huo. Mwaka 1938 serikali iliamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu, wakamatwe na kuuzwa, na wakati huo huo kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River. Kwa bwana aliyeandika amri, ng'ombe alikuwa kinywa kilichozidi malishoni. Kwa Mkamba alikuwa akiba ya siku ya njaa, mahari ya kijana, na samadi ya shamba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katikati ya mwaka huo, zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi wakapiga kambi kwa wiki kadhaa, wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha amri ya kupunguza ng'ombe kwa nguvu ilikuwa imeachwa. Leo Nairobi ina barabara iitwayo kwa jina lake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilijaribu njia nyingine. Ilifungua makazi mapya Makueni, na ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia maji. Mengi ya matuta hayo ya lazima hayakudumu, kwani mtu hatunzi kwa moyo kazi asiyoiona faida yake. Mambo yaligeuka katikati ya miaka ya 1950, Wakamba waliporuhusiwa kupanda kahawa, zao walilokatazwa kwa muda mrefu. Kahawa ilitaka shamba lililosawazishwa, nayo ilileta fedha. Basi mkulima aliyekuwa akikimbia jembe la lazima alilishika kwa hiari. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 kazi ya matuta ililegea kwa muda, kwa kuwa ilinuka ukoloni, kisha ikafufuka kwa nguvu katika miaka ya 1970. Aghalabu iliendeshwa na mwethya, vikundi vya kusaidiana vya Wakamba, ambamo wanawake walikuwa wengi. Namna mojawapo ya matuta yao huchimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mfereji, na kwa hiyo huitwa fanya juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo wa nchi nyingi.

Mwaka 1989 wilaya ile ilikuwa na watu karibu 1,400,000, yaani zaidi ya mara tano ya wale wa miaka ya 1930. Kwa hesabu ya Malthus, makorongo yangalipaswa kuimeza. Lakini Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu walichokitoa mwaka 1994, walionyesha kuwa mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka mashambani, na mazao yamekua kwa kasi kuliko watu. Ester Boserup wa Denmark alikwisha kuandika mwaka 1965 kwamba msongamano wenyewe waweza kumlazimisha mkulima kubuni njia bora. Machakos ilionekana kuwa shahidi wake.

Lakini tusitoke katika kosa moja tukaingia katika jingine. Watu wengi peke yao hawachimbi tuta. Machakos ilikuwa karibu na Nairobi. Huko iliuza matunda na mboga, na kutoka huko mishahara ya vijana ilirudi ikanunua plau na kulipa karo za shule. Tena, mipaka ya zamani ilipofunguka, maelfu ya watu walihamia Yatta na Makueni. Mlango huo wa kutokea ulipunguza kubanwa, lakini uliwapeleka wengi katika nchi kavu ambako mvua haina ahadi. Wala faida haikugawanyika sawasawa. Mwenye mwana mjini alijenga matuta. Asiye na mtu alibaki na kishamba ambacho, kila kikirithiwa, hukatwa vipande.

Kenya nzima ilitambua jambo hilo. Watu wake walikuwa 8,600,000 mwaka 1962. Walifika 15,300,000 mwaka 1979, na 47,600,000 mwaka 2019. Serikali ilianzisha mpango wa uzazi wa majira tangu mwaka 1967, lakini kwa miaka mingi wengi hawakuufuata. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa, kwa wastani, watoto wanane. Mwaka 2022 wastani huo ulikuwa umeshuka hata ukakaribia watatu na nusu. Wasichana walikuwa wamesoma, watoto wachache zaidi walikufa wangali wachanga, na mzazi aliyelipa karo alijua gharama ya kila mtoto. Hapa pia, kama katika matuta, hiari iliyoona faida ilitenda ambayo amri haikuweza.

Basi historia ya Ukamba hairuhusu tuseme kwamba idadi ya watu si kitu. Udongo una kikomo, na kila kizazi hukisogelea. Lakini yatufundisha kwamba kila tuambiwapo nchi fulani imejaa watu, yatupasa kuuliza kwanza: ni nani aliyeweka mpaka, aliuweka lini, na nchi iliyo ng'ambo ya mpaka huo ni ya nani? Mwaka 1938 swali hilo liliulizwa na watu waliolala nje Nairobi, ambao wengi wao hawakujua kusoma. Wenye takwimu hawakuwa wameliuliza.