Ted Turner na Ufufuo wa Katuni za Zamani

Ufufuo wa katuni za zamani za Marekani katika miaka ya 1990 ulitokana kwa kiasi kikubwa na Ted Turner, mfanyabiashara wa Atlanta aliyeanzisha kituo cha habari cha CNN mwaka 1980. Alinunua maktaba ya filamu ya MGM, kisha studio ya Hanna-Barbera, na hatimaye akazifungulia katuni hizo chaneli yao wenyewe.

Maktaba ya MGM

Mwaka 1986 kampuni yake, Turner Broadcasting System, ilinunua MGM/UA kutoka kwa Kirk Kerkorian kwa takriban dola bilioni 1.5. Madeni yalimwelemea, na baada ya miezi michache akamuuzia Kerkorian tena sehemu kubwa ya mali hiyo. Maktaba ya filamu hakuiachia. Pamoja na filamu kubwa kama Gone with the Wind, humo zilikuwamo katuni za Tom and Jerry, Droopy na Popeye, na katuni nyingi za rangi za Warner Bros. za kabla ya Agosti 1948, zikiwamo za mwanzo za Bugs Bunny. Turner alilaumiwa vikali kwa kuzitia rangi filamu za zamani zisizo na rangi, lakini alizirudisha hewani.

Hanna-Barbera

William Hanna na Joseph Barbera waliwabuni Tom na Jerry mwaka 1940 wakiwa waajiriwa wa MGM. Idara ya katuni ya MGM ilipofungwa mwaka 1957, walianzisha studio yao, wakaitengenezea televisheni The Flintstones (1960), The Jetsons (1962) na Scooby-Doo (1969). Mwaka 1991 Turner, pamoja na mshirika, aliinunua studio hiyo kwa takriban dola milioni 320. Kazi za wasanii hao wawili, za sinema na za televisheni, zikawa sasa katika himaya moja.

Cartoon Network

Chaneli hii ilianza tarehe 1 Oktoba 1992 chini ya uongozi wa Betty Cohen, ikirusha katuni usiku na mchana. Mwanzoni ilitegemea hazina hiyo ya zamani karibu kwa kila kitu. Mwaka 1994 ilichukua michoro ya Space Ghost ya mwaka 1966 na kumgeuza shujaa huyo kuwa mtangazaji wa mahojiano. Mwaka 1995 mradi wa What a Cartoon! uliwapa wachoraji chipukizi nafasi katika studio ya Hanna-Barbera, na humo zikazaliwa Dexter's Laboratory, Johnny Bravo na The Powerpuff Girls.

Urithi

Time Warner, mmiliki wa Warner Bros., iliinunua kampuni ya Turner mwaka 1996, na katuni za Warner Bros. za kabla na baada ya 1948 zikakutana tena. Mwaka 2000 katuni kongwe zilipata chaneli yao, Boomerang. Mchango mkubwa wa Turner ni kwamba aliziona filamu fupi zilizodhaniwa kupitwa na wakati kuwa kazi za sanaa zinazostahili kutazamwa kila siku, na kwa njia hiyo akawapa watoto wa kizazi kingine fursa ya kuzipenda.