Unamjua Huyu Aliyeko Kwenye Picha? Pikipiki Haina Breki, na Siyo Mwanaume

Wadau, kuna picha fulani za zamani, nyeusi na nyeupe, zinazozunguka mitandaoni bila jina. Unaona mtu yuko juu ya pikipiki, kavaa ngozi kuanzia shingoni mpaka miguuni, helmeti imekaza kichwani, uso umejaa vumbi. Watu wanalike, wanapita. Leo tunasimama kwenye moja.

Tuanze na mguu wa kushoto, angalia kiatu. Kile siyo kiatu cha kawaida, chini kimefungwa bamba la chuma. Huo ni mguu wa mtu wa spidwei, mbio za pikipiki kwenye uwanja wa mviringo wenye vumbi au changarawe. Wanashindana wanne, mizunguko minne, wote wanakata kona upande wa kushoto. Ukifika kwenye kona hupunguzi mwendo kama mtu mwenye akili timamu. Unaiachia tairi ya nyuma iserereke, mguu wenye chuma unaburuzika chini, na unageuza usukani kulia huku unaenda kushoto. Breki hakuna kabisa, na wala haijaharibika, zimetengenezwa hivyo. Mwenzangu wa bodaboda, jaribu kupiga picha hiyo.

Halafu angalia injini. Imelala, silinda moja imetazama mbele na nyingine nyuma. Hiyo ni Douglas, iliyokuwa inatengenezwa kule Bristol, Uingereza. Ndiyo iliyotawala viwanja mwaka 1928 na 1929, kisha mashine nyingine zikaipiku. Kwa hiyo bila hata kugeuza nyuma ya picha kutafuta tarehe, tayari unajua uko miaka gani.

Na ilikuwa miaka ya moto. Mchezo ulishika kasi Australia miaka ya 1920, halafu Februari 1928 ukafanyika uwanja wa High Beech, karibu na London. Waandaaji walitegemea watu wa kawaida tu, yakaja maelfu kwa maelfu. Ndani ya miezi michache viwanja vikaota kila mji, mashindano yakapigwa usiku chini ya taa, na vijana waliotoka kazini wakapata mastaa wapya wa kuwashangilia.

Sasa mwangalie vizuri huyo aliyevaa helmeti. Ni mwanamke.

Anaitwa Fay Taylour. Alizaliwa mwaka 1904 mji wa Birr, Ireland, familia ya uwezo wake tu, siyo ya mafundi wa gereji. Alianzia kwenye mashindano ya pikipiki ya njia mbovu, milima na matope, akawa anarudi na medali. Spidwei ilipoingia, mwaka huohuo wa 1928 akajitosa kwenye uwanja wa Crystal Palace, London. Hakuwa peke yake. Kulikuwa na wenzake kama Eva Askquith wa Yorkshire, naye siyo wa kubeza. Lakini Fay ndiye aliyefunga safari ya meli mpaka Australia kwenda kuwatafuta wenye mchezo nyumbani kwao.

Mapema 1929 akatua Perth, magharibi mwa Australia, uwanja wa Claremont. Pale palikuwa na mwenyeji wao, Sig Schlam, kipenzi cha mashabiki. Fay akamshinda. Siyo mbio za kina dada peke yao, siyo maonyesho ya kuchekesha watu wakati wa mapumziko. Walishindana yeye na yeye, kwenye vumbi lile lile. Kutoka hapo akazunguka Australia na New Zealand, jina lake likiuza tiketi. Hii ilikuwa kazi bwana, ilikuwa inamlipa.

Halafu ikaja 1930. Uingereza wakawapiga marufuku wanawake kwenye spidwei. Mwanamke mmoja alikuwa ameanguka na kuumia mbele ya watazamaji, basi, ikaonekana mchezo huu hauwafai akina mama. Mwaka huohuo, kule Claremont, yule Sig Schlam aliyeshindwa na Fay alianguka kwenye mbio na kufariki. Hakuna aliyesema wanaume sasa basi, wapumzike. Mimi hapo huwa nasimama kidogo, maana hoja ya hatari ilikuwa inaangalia mtu kwanza ndio inaongea.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa rahisi sana kuisimulia. Dada shujaa, wanaume wabaya, tunapiga makofi. Na ndivyo kurasa nyingi zinavyomleta.

Fay alihamia kwenye magari. Mwaka 1934 akashinda Leinster Trophy huko kwao Ireland akiwa na gari aina ya Adler, mbele ya wanaume. Huyu mtu ukimfungia mlango anaingilia dirishani. Lakini katika miaka hiyo hiyo alivutiwa na siasa za kifashisti, akajiunga na chama cha Oswald Mosley, wale waliokuwa wanamshabikia Hitler ndani ya Uingereza. Vita vilipochacha, mwaka 1940, serikali ikamkamata bila kumfikisha mahakamani. Akawekwa gereza la wanawake la Holloway, kisha akapelekwa kizuizini kisiwa cha Man. Hakutoka mpaka 1943. Idara ya usalama ya Uingereza, MI5, ilikuwa na mafaili yake, na kukaa ndani hakukumfanya ageuke kimawazo.

Kwa hiyo kusahaulika kwake kuna tabaka mbili. La kwanza alifanyiwa: walimfungia mchezo akiwa kwenye ubora wake, na mtu asiyeruhusiwa kushindana hawezi kuingia kwenye orodha za mabingwa. La pili alijifanyia mwenyewe, na baada ya vita hakuna promota aliyekuwa na hamu ya kumsimulia mfashisti wa zamani. Kuna wanaotaka tumkumbuke kwa la kwanza tu, na wengine wanataka tumfute kwa sababu ya la pili. Mimi sikubaliani na upande wowote. Ukificha lile faili unadanganya, na ukiificha picha unawasaidia wale wa 1930 kumaliza kazi yao.

Baada ya vita alikwenda Marekani, akauza magari ya Kiingereza huku akishindana kwenye vigari vidogo vya mbio, akiwa na zaidi ya miaka 40. Hakuolewa. Alizeekea Uingereza na kufariki mwaka 1983, Dorset, akiwa na miaka 79.

Swali langu kwenu, na msinijibu kwa emoji tu. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kiwanja cha spidwei leo, ile picha ya Fay na kiatu chake cha chuma ungeitundika ukutani? Na chini yake ungeandika maneno gani?