Peni yenye tundu: jinsi ya kuitambua na kuipima thamani

Kinanie, katika eneo la Mavoko, Kaunti ya Machakos, ni mahali ambapo mashamba yanazidi kukatwa vipande na misingi ya nyumba kuchimbwa. Sarafu za kale hufukuliwa udongoni, au hupatikana katika mkebe wa nyanya aliyefariki, na papo hapo uvumi huzuka kwamba kipande hicho cha shaba kina thamani ya mamilioni. Aghalabu uvumi huo si kweli, na anayeusadiki huweza kutozwa pesa na tapeli anayejidai kumtafutia mnunuzi.

Inayopatikana zaidi ni senti kumi ya Afrika Mashariki, ambayo wazee waliiita peni, pamoja na ndugu yake mdogo, ndururu, yaani senti tano. Zote mbili ni za shaba, zina tundu katikati, na upande mmoja pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu hilo. Zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1919.

Inayozua zogo zaidi ni ya mwaka wa 1936, iliyoandikwa jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936, na nchini Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Hapo ndipo chanzo cha uvumi. Lakini sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura. Ilihitaji jina na taji tu, kwa hiyo viwanda viliweza kuipiga mapema, nazo zikamwagwa Afrika Mashariki kwa mamilioni. Sarafu hiyo ni historia nzuri kuishika mkononi, ila si utajiri.

Chini ya maandishi huenda pakawa na herufi ndogo. H na KN ni alama za viwanda viwili vya Birmingham, I ni Bombay, na SA ni Pretoria, ambako baadhi ya sarafu zilipigwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya India kupata uhuru mwaka wa 1947, jina la mfalme liliambatana na maneno ET IND IMP, yaani mtawala wa India. Baadaye maneno hayo yakaondolewa. Ile ya 1964 isiyo na jina la mfalme wala malkia haikukosewa: ilitolewa baada ya uhuru.

Zinazostahili kutazamwa mara mbili ni za mwaka wa 1920, wakati florini ilipochukua nafasi ya rupia kwa muda mfupi kabla ya shilingi kuanza mwaka wa 1921. Vilevile ile iliyoponyoka kiwandani bila kutobolewa tundu, mradi iwe kosa la kiwanda na si kazi ya fundi wa mtaani. Shilingi zenye simba zilizopigwa hadi 1946 zina robo ya fedha halisi. Za kuanzia 1948 hazina.

Daraja la sarafu hupimwa kwa kutazama kwanza sehemu zilizoinuka, kwa kuwa ndizo zinazosuguliwa mapema: pembe za ndovu, na taji. Ikiwa mistari midogo ya taji ingali inasomeka chini ya lenzi, hali ni nzuri. Ikiwa taji limebaki kivuli, daraja liko chini hata kama mwaka ni adimu. Kosa kubwa kuliko yote ni kuisugua kwa majivu, mchanga au limau. Sarafu iliyong'arishwa hupoteza rangi yake ya asili, na mkusanyaji huitambua mara moja.

Ipo moja inayodai uangalifu wa aina nyingine: pesa ya Mombasa ya mwaka wa 1888, yenye picha ya mizani na tarehe ya Kiislamu 1306. Ilitolewa na kampuni ya Waingereza ile ile iliyojenga kituo chake Machakos mwaka wa 1889. Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya 2006 huhesabu kifaa kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, ambacho hakiruhusiwi kupelekwa ng'ambo bila kibali. Peni ya 1936 haimo katika kundi hilo. Anayefukua ile ya mizani anapaswa kuipeleka kwa maafisa wa makavazi kabla hajamsikiliza mnunuzi yeyote.