Badiliko la jeni si kasoro

Samaki wa dhahabu wa mapambo huweza kuwa na mkia uliogawanyika mara mbili, ukipepea majini kama ukaya. Samaki wa porini wa ukoo wake ana mkia mmoja. Tofauti hiyo hutokana na kitu ambacho waandishi wetu hukiita kwa majina matatu: mutesheni, badiliko la jeni na kasoro ya jeni. Majina hayo hayana uzito sawa.

Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kuunda protini. Maelekezo hayo yameandikwa kwa herufi nne za kikemia, na herufi ikibadilika, kudondoka au kuongezeka, ndipo tunapopata badiliko la jeni. Kwa hiyo kinachobadilika ni maandishi. Mkia ni matokeo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kuwa chanzo cha mkia pacha ni kubadilika kwa herufi moja tu katika jeni ya kodini, protini inayosaidia kiinitete kutenganisha upande wa mgongo na wa tumbo. Herufi hiyo hukatisha maelekezo njiani, protini ikabaki kipande. Kwa samaki wengi hasara hiyo ingekuwa kubwa. Lakini mababu wa samaki wa dhahabu, mamilioni ya miaka iliyopita, walipata jenomu, yaani DNA yao yote, maradufu, hata leo samaki wa dhahabu ana kromosomu 100, wakati samaki milia wa maabara ana 50. Jeni moja ya kodini ikiharibika, pacha wake huendelea na kazi. Samaki huishi, na mkia hugawanyika iwapo amerithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili.

Kazi iliyobaki ilifanywa na wafugaji wa China, ambao tangu enzi ya Song walitenga samaki waliowavutia na kuwazalisha wao kwa wao. Huo ni uteuzi wa mfugaji. Haukuunda badiliko, ulilitunza.

Neno mutesheni halina kosa, ila halimfumbulii msomaji chochote. Kasoro ni hukumu: mtoni, mkia mzito ungemchelewesha samaki mbele ya adui, lakini kwa mfugaji ndio unaompa thamani. Tuandike badiliko la jeni, na neno kasoro tuliweke akiba hadi madhara yathibitike.