Tatu Iliyosomwa Mbili: Picha ya Askari wa Keya

Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja cha mkono. Vijana wawili wamesimama, na wa tatu amekaa kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti. Wote wamevaa kofia za jeshi za ukingo mpana uliopandishwa upande mmoja. Aliyekaa ni mume wa kwanza wa bibi yetu mzaa baba, na ndiye baba mzazi wa shangazi yetu mkubwa. Nyumbani tukimwita Babu wa Baharini, kwani tumekua tukiambiwa kwamba alizama na meli wakati wa vita vya Hitla, akipelekwa kupigana na Wajapani.

Picha ilitoka Unguja mwaka 1964 ndani ya Msahafu wa bibi, ikakaa Mombasa miaka kadhaa, kisha ikafika Maskati katika miaka ya sabini. Picha nyingine za nyumba ile hazikutoka. Labda ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kuihoji hii iliyosalimika.

Na kisa cha kuzama hakikuwa cha kubuni. Meli ipo katika historia: *Khedive Ismail*, iliyoondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 katika msafara wa kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo. Ndani yake walikuwamo askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wanamaji wa Kiingereza na wauguzi wa kike. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa torpido, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa karibu watu 1,300. Waliookoka walikuwa 200 na kitu. Wakati wa vita mambo kama hayo hayakutangazwa, lakini bandari haina siri. Habari zilirudi Mombasa kwa minong'ono, na kutoka Mombasa zikavuka hadi Unguja: meli ya askari imezama, na mume wako alikuwa askari. Bibi akakaa eda. Baadaye akaolewa na babu yetu. Sisi tunaoandika haya ni wajukuu wa ndoa hiyo ya pili, na msomaji atafahamu kwa nini tunalitaja hilo mapema.

Nyuma ya picha kuna mstari mmoja wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa zama zile waliopitia chuoni: salamu kwa mkewe na mtoto, kisha tarehe, siku ya 12 ya Mfungo Sita, na mwaka. Muhuri wa mpiga picha umefutika. Wazee waliusoma mwaka huo 1362, na hesabu ikawakubalia. Maulidi ya 1362 yaliangukia Machi 1943. Basi picha ilipigwa huku kwetu kabla ya safari, na mwaka uliofuata mwenyewe akazama. Picha ilifika baada ya vita, ikipita mkono kwa mkono, na aliyeileta mlangoni hakumjua hata mmoja wa waliomo. Ikahesabiwa kuwa ni barua iliyochelewa.

Tulipoikuza picha kwenye kompyuta, tulikuwa tunatafuta beji, si tarehe. Beji tuliipata: mkononi, chini ya bega, kichwa cha kifaru. Hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mapema 1943 kutokana na vikosi vya Keya na wenzao. Lakini beji haikukata shauri. Divisheni ilihamia Ceylon katika mwaka huo huo, na kikosi cha mizinga kilichozama kilikuwa kikielekea huko huko. Mtu angeweza kuivaa kabla ya safari au baada yake.

Kilichokata shauri ni tarakimu. Wanaosoma hati za zamani za Kiarabu wanalijua jambo hili, sisi tulikuwa tumelisahau. Katika miandiko mingi ya mkono, tatu huandikwa na jino moja badala ya mawili, ikafanana kabisa na mbili ya chapa. Mbili nayo huwa mkunjo mtupu. Sasa tazama mwaka wenyewe. Tarakimu yake ya pili na ya nne zina umbo moja, halihitilafiani hata kidogo. Ya pili haiwezi kuwa mbili, maana 1262 ni zama za Seyyid Said, na wakati huo hapakuwa na Keya wala kofia za namna hii. Basi ya pili ni tatu, na ya nne pia ni tatu. Mbili ya kweli ipo kwenye siku, katika ile 12, nayo haina jino. Wazee walisahihisha tatu ya kwanza bila kujua kwamba wanasahihisha, wakaiacha ya mwisho.

Siku ya 12 ya Mfungo Sita 1363 ni takriban tarehe 7 Machi 1944, ikiwa tutatoa siku moja ya hitilafu ya mwezi kuandama. Meli ilikuwa imekwisha zama zaidi ya wiki tatu. Askari huyu, siku ya Maulidi, alikuwa amekaa kitini mzima, viatu vimepigwa rangi.

Tulipomwonyesha shangazi, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwacheni baharini, wanangu." Yeye hakuwa akimwazia baba yake, bali mama yake. Ikiwa mume alikuwa hai Machi, alikuwa hai mpaka lini? Bibi alikaa eda ya mtu aliye hai? Na aliolewa naye yu wapi? Baadhi yetu tulitaka tumtii tuache. Wengine tuliona kwamba shaka ikishaingia nyumbani haitoki kwa kufumbiwa macho.

Rejista ya Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti, bila malipo. Waliozama na *Khedive Ismail* katika kikosi cha mizinga wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi. Tuliwapitia jina kwa jina, hayumo. Tunawashauri wanaotaka kujaribu wasitafute jina kama lilivyo kwenye pasipoti za leo. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Nisba na kabila mara nyingi vimeachwa, "bin" huonekana au haionekani, na jina la baba laweza kuwa ndilo la mwisho. Tulijaribu tahajia kumi na moja. Ya kumi na moja ilitupeleka mbali na bahari kabisa, hadi Taukkyan, nje ya Rangoon, ambako mnara wa kumbukumbu umebeba majina kama 27,000 ya wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Jina lake, la baba yake, Keya, tarehe 23 Novemba 1944.

Kwa hiyo alifika Burma. Divisheni ya kifaru ilishika bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya masika ya huko, barabara imegeuka tope la magotini, malaria na homa za kichakani zikiangusha watu pamoja na risasi. Walishuka na bonde mpaka Kalemyo katikati ya Novemba, wakaingia korongo la mto Myittha, na mwanzoni mwa Desemba wakaitwaa Kalewa, wakavuka Chindwin. Tarehe iliyo kwenye rejista inaangukia katika siku za korongo lile.

Hati ya ndoa ya pili ya bibi tunayo, yenye muhuri wa kadhi: Mfungo Nane 1365, yaani Aprili 1946. Shangazi aliomba asomewe tarehe zote kwa miezi ya Kiislamu, akahesabu kwa vidole kutoka Mfungo Tatu 1363. Miezi kumi na saba. Sheikh tuliyemwendea hapa Maskati alitujibu kwamba kwa wanazuoni wengi eda ya kufiwa huhesabiwa tangu siku ya mauti, hata kama mke hajapata habari. Miezi minne na siku kumi ilikuwa imepita zamani. Shangazi alihesabu tena mara ya pili, akaagiza kahawa.

Khitma ya mwaka huu ameitaka isomwe siku tatu kabla ya Idi Kubwa, ambayo kwa hesabu yetu ndiyo siku yenyewe.

Wale wawili waliosimama bado hawana majina. Wa kulia ni mrefu, ana kovu juu ya jicho, na ameshika bakora nyembamba. Wa kushoto ameweka mkono begani kwa aliyekaa, na kidole chake cha shahada kina pete. Msomaji yeyote ambaye nyumbani kwao kuna picha ya watu hawa, au nakala ya hii, tunamwomba aigeuze kwanza, atazame nyuma.