Nyabugogo katika taarifa ya habari: historia iliyofunikwa na sauti ya mtangazaji

Anayetaka kujua Kiswahili kimefikia wapi nchini Rwanda mara nyingi huanza na sheria. Atasoma kwamba Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kwamba mwezi Februari 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hayo tunayafundisha darasani, na ni sawa tuyafundishe. Hata hivyo, katika makala haya tunapendekeza mahali pengine pa kuanzia, napo ni kituo cha mabasi cha Nyabugogo, pamoja na habari ndogo ndogo ambazo televisheni za kanda yetu huzitangaza kutoka hapo na kutoka katika barabara zinazoishia hapo.

Tuanze na historia yenyewe. Kiswahili kiliingia Rwanda pamoja na misafara ya wafanyabiashara, kikapata nguvu wakati wa Wajerumani, ambao walikitumia katika utawala wa koloni lao la Afrika Mashariki. Richard Kandt alipoanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, wafanyabiashara na askari waliokuja mjini walikuwa na lugha hiyo vinywani mwao. Baadaye ilinasibishwa na Waislamu wa Biryogo, na soko, na kambi za jeshi na madereva wa malori. Wazazi wengi waliiona kuwa lugha ya wahuni. Cha ajabu ni kwamba wazazi hao hao walikuwa wakisema isaha, igitabo na ikaramu bila kujiuliza maneno hayo yalipita njia gani hadi kuingia katika Kinyarwanda.

Vyombo vya habari navyo vilikuwa na sehemu yao. Redio Rwanda, iliyoanza mwaka 1961, ilikuwa na taarifa ya habari kwa Kiswahili. Televisheni ilichelewa. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962, Zanzibar tangu miaka ya 1970, Rwanda tangu mwisho wa 1992, na Tanzania Bara tangu 1994. Baada ya 1994, Wanyarwanda wengi walirejea kutoka Tanzania, Kongo, Kenya, Uganda na Burundi, na wengi wao walirudi na Kiswahili cha kule walikoishi. Nyabugogo ndipo Viswahili hivyo vilipokutana. Mtanzania huuliza iliko stendi, Mkenya huuliza iliko steji, na mwenyeji huwajibu kwa neno gare alilolipata kutoka Kifaransa, nao wakadhani anawaonyesha gari. Na mgeni akiambiwa na mwenyeji apande moto, asiogope: ni pikipiki.

Sasa tuchukue mfano mmoja. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa. Serikali mbili zilitofautiana juu ya sababu, na taarifa za habari zilijaa kauli za mawaziri. Lakini habari za kila siku zilisimulia upande mwingine: malori yaliyolazimika kuzunguka Kagitumba, maduka yaliyokosa wateja upande wa Katuna, ndugu waliotenganishwa na mstari wa mpaka. Kisha ikaja korona, na Nyabugogo, ambako watu hubanana tangu alfajiri, pakawa kimya. Gatuna ilifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, na mwezi Machi mwaka huo mipaka ya nchi kavu ikafunguliwa kwa wasafiri wa kawaida.

Wiki hizo tulikuwa Nyabugogo na wanafunzi wetu kwa kazi ya ugani. Mwandishi wa kituo kimoja cha televisheni alikuwa akimhoji mama mmoja mchuuzi. Mama alisema hivi: "Tuko nashukuru. Njia imefunguka, batoto batakula." Jioni tuliketi kutazama taarifa. Midomo ya mama ilionekana ikicheza, lakini sauti yake ilikuwa imeshushwa, na juu yake mtangazaji akasema: "Wafanyabiashara wamepongeza hatua ya kufunguliwa kwa mpaka."

Wanafunzi walicheka, nasi tukacheka. Baadaye hatukufurahi. Mama yule hakupongeza hatua yoyote, alizungumzia chakula cha watoto wake. Karibu miaka mitatu ya njaa na kusubiri ilikuwa ndani ya neno batakula, na neno hilo halikufika hewani. Aidha, sentensi yake ilikuwa na historia ya lugha ndani yake. Tuko nashukuru na batoto ni Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na mwenye sikio angetambua barabara ambayo mama yule amekuwa akiipita na watu anaofanya nao biashara.

Hatumlaumu mtangazaji. Ana dakika mbili tu, na mtazamaji wa Tanga huenda asimwelewe mama yule. Lakini dawa ipo. Msemaji aachwe asikike, na Kiswahili sanifu kiandikwe chini ya picha. Tena sisi walimu tujiulize nani aliyemfundisha mtangazaji huyo kwamba batoto ni neno la kufichwa. Kalamu yetu nyekundu ina sehemu yake katika lawama hiyo. Kusahihisha insha ni wajibu wetu, ila kusahihisha ushahidi ni kuupoteza.

Kwa hiyo muhula huu tumewapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi moja. Kila mmoja achague habari moja ya televisheni inayohusu maisha ya kawaida, iwe nauli, mafuriko ya mto Nyabugogo au bei ya viazi. Aandike maneno ya wahojiwa kama yalivyotamkwa, na pembeni aweke maneno ya mtangazaji. Tarehe na mahali visisahaulike. Wenzetu wa vyuo vingine, hasa walio karibu na Rusumo, Busia na Goma, tunawaomba wafanye vivyo hivyo na watuletee walichokipata. Sheria ya 2017 imehifadhiwa na haitapotea. Maneno ya mama yule tunayo kwa sababu mwanafunzi mmoja alikuwa na daftari mkononi.